Mengineyo

Mwaka 2018 Barabara ya Thika, Nairobi, ilipakwa mstari mwekundu. Ulikuwa mstari mpana uliofuata njia ya ndani kabisa, na maana yake ilikuwa kwamba hapo si pa matatu tena wala si pa magari ya watu binafsi. Ni pa mabasi ya mwendo wa kasi. Mabasi yenyewe hayakuwapo. Magari yaliendelea kupita juu ya rangi, mvua ikanyesha, na kidogo kidogo mstari ukafifia, tukabaki kuufanyia mzaha ndani ya matatu zile zile.

Mipango haikukosekana. Mamlaka ya usafiri ya Nairobi na viunga vyake, NaMATA, iliundwa 2017, na njia tano za mabasi hayo zikapewa majina ya wanyama watano wakubwa: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mimi ninayeishi Kasarani niliangukia Simba. Tuna pia Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 10 imeuweka ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na mahakama zetu zimewahi kuzitupa sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Kwa karatasi tumekamilika. Mabasi ndiyo hatuna.

Dar es Salaam wanayo tangu Mei 2016, na jamaa zangu wa huko hawaachi kunikumbusha. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2024, nilipokwenda kuwaona wazee Mombasa, nilipitiliza: feri ya Likoni, Ukunda, Lunga Lunga, mpaka wa Horohoro, Tanga, Segera, Chalinze. Habari za urefu wa njia na bei ya zege nilikwisha kuzisoma. Nilichotaka kujua ni nani aliulizwa kabla njia haijachorwa, na aliulizwa nini.

Basi la Tanga siku hizi halikuingizi mjini. Linakushusha Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli kilichofunguliwa 2021, na kutoka hapo unatafuta namna ya kufika Kimara Mwisho, ambako njia maalumu ya mwendokasi inaanzia. Nililala kwa binamu yangu Kimara, na alfajiri akanisindikiza hadi kituoni. Saa kumi na moja na nusu, giza bado, na watu wameshajaa. Dirishani nilitoa hela, nikapewa kikaratasi chembamba. Hatua chache mbele, binti aliyesimama getini alikichana na kunirudishia kipande.

Nilichokuwa nikikisoma kwenye maandishi nilikiona hapo kwa macho. Sakafu ya kituo na sakafu ya basi zinalingana. Mzee mmoja wa kiti cha magurudumu alisukumwa na kijana wake kutoka kituoni hadi ndani, gurudumu halikunyanyuliwa hata mara moja, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Nairobi mzee huyo angebebwa mzegamzega na makanga wawili, abiria wote wakishuhudia, na pengine angelipishwa nafasi ya kiti chake juu ya nauli yake mwenyewe. Mtu aliyeamua kwamba sakafu zilingane alikuwa amemfikiria mzee huyu, au walau alikuwa amemsikiliza mtu wa namna yake.

Mlango wa pili, vijana walikuwa wakiingia kwa madirisha.

"Kaka, wewe mgeni," aliniambia mama aliyesimama ubavuni pangu, mkoba ameukumbatia kifuani. "Usingoje foleni isogee. Likija, wewe jiachie tu, watu watakuingiza wenyewe."

Waliniingiza. Upungufu wa mabasi umekuwa kilio cha watu wa Kimara kwa miaka, na viongozi wa serikali wamekiri hadharani zaidi ya mara moja kwamba mabasi hayatoshi. Lakini basi likishaondoka, hakuna wa kubishana nalo. Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo. Tukapita chini ya barabara za juu za Ubungo, zile zilizopewa jina la Balozi Kijazi, kisha Shekilango, Urafiki, Manzese. Kulia na kushoto magari madogo na daladala zimesimama, taa zao zinawaka, madereva wanatutazama. Abiria wa miaka mingi watakuambia kuwa zamani kutoka Kimara hadi Posta ilikuwa saa mbili, na mvua ikinyesha zaidi. Sasa ni chini ya saa moja, ukishapata kuingia.

Historia ya njia hii inaanzia mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Meya wa Jiji wakati huo, Kleist Sykes, alivutiwa na mabasi ya Bogotá, Kolombia, ambayo yalianza Desemba 2000, na ambayo nayo yalijifunza kutoka yale ya Curitiba, Brazili, ya miaka ya 1970. Wataalamu kutoka Brazili wakachora mpango wa awamu sita, zaidi ya kilomita 130, karibu kila barabara kuu ya jiji. Wakala wa kuusimamia, DART, ukaundwa 2007. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, kampuni ya Strabag ikaanza kujenga 2012, na kilomita 21 za kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, zikakamilika mwishoni mwa 2015. Miaka kumi na zaidi tangu wazo hadi tiketi. Kwa miradi yetu ya Afrika Mashariki hiyo si kasi mbaya, nami nasema hivyo nikiwa natoka Kasarani.

Ndani ya historia hiyo kuna mahali wananchi walisikika vizuri sana, na ni kwenye nauli. Mwanzoni mwa 2016 kampuni iliyopewa kuendesha mabasi kwa kipindi cha mpito ilipendekeza shilingi 1,200 kwa safari ya njia kuu, na 1,400 kwa anayeunganisha na njia za pembeni. Mapendekezo yaliwekwa mezani kwa wadau, wakayakataa, magazeti yakayakataa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa naye akasema ni makubwa mno. Mabasi yalipoanza, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, SUMATRA, ilikuwa imepanga 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia ya pembeni, 800 kwa zote mbili, na 200 kwa mwanafunzi. Mama wa Kimara anayeuza mihogo hajui mhandisi anahesabu vipi uzito wa basi lililojaa, lakini 1,200 mara mbili kwa siku, mara siku ishirini na sita, anaijua kuliko mhandisi. Ukimuuliza swali lenye namba yake ndani, atakujibu.

Niliteremka Magomeni Mapipa kusudi, ili niingie bondeni kwa miguu.

Barabara ya Morogoro hapo inashuka kuelekea Mto Msimbazi, inavuka daraja, kisha inapanda upande wa Fire. Jua likiwaka utaona mto mdogo, maji ya kahawia, watoto, takataka zilizonaswa kwenye magugu. Pembeni ya barabara, ndani ya bonde lile lile, mahali paitwapo Jangwani, ilikuwapo karakana ya mabasi ya mwendokasi, uwanja mpana wa zege wenye ukuta. Klabu ya Yanga nayo ina makao yake jirani na hapo, na huingiwa na maji kiasi kwamba watani wao wa Simba wakawaita vyura. Utani huo una miaka mingi. Yaani hata shabiki wa mpira wa kijiweni alikuwa anajua.

Kwenye ukingo wa bonde, upande wa Suna, nilimkuta mzee anaziba pancha za baiskeli chini ya turubai. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha ndoo niikalie. Nilipomweleza kilichonileta aliinuka bila kusema neno, akaniongoza hatua chache hadi kwenye nyumba yake, akasimama ukutani. Chokaa ilikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mnyoofu. Aliweka kiganja kwenye wa juu kabisa, uliompita kifua.

"Huu wa elfu mbili kumi na moja." Akashusha mkono. "Huu wa elfu mbili kumi na nane. Hii midogo sihesabu."

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Mvua ile ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, na serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, nje kabisa ya jiji, ikawapa viwanja. Ujenzi wa njia ya mwendokasi ulianza mwaka uliofuata. Na karakana, mahali ambapo mabasi yote yatalala, yataoshwa na kutengenezwa, ikajengwa bondeni. Tangu hapo kila mvua kubwa inapokuja, njia ya Jangwani hufungwa, mabasi hugeuzia Magomeni au hayatoki kabisa, na mara kadhaa maji yameyafuata ndani ya karakana na kuyaharibu.

"Kwani hamkuulizwa, mzee?"

"Tuliulizwa." Alikuwa amerudi kwenye tairi lake, analipapasa kutafuta msumari. "Tuliulizwa nyumba ni ya nani, ina vyumba vingapi, mti huu nani kaupanda. Maji yanafika wapi, hakuuliza mtu."

Nadhani naielewa hesabu ya aliyechagua. Kwenye ramani bonde lilikuwa peupe, katikati ya njia, karibu na mjini, na mahali pasipo na nyumba hapana fidia. Kupata eneo la ukubwa huo Manzese au Magomeni ungelazimika kubomoa mitaa. Ni hesabu ya mtu mwenye bajeti na tarehe ya kumaliza. Ila ni hesabu ambayo mziba pancha angeivunja kwa kiganja kimoja ukutani, bure, kabla ya kikombe cha chai kupoa.

Kilichonishangaza ni kwamba baadaye waliulizwa, tena vizuri. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam kuzunguka kata zinazofurika pamoja na wakazi wake, wakichora kila nyumba, kila mtaro, kila kichochoro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Wakazi waliulizwa pia maji yaliwahi kufika wapi. Kisha 2018, kwa miezi kadhaa, serikali na Benki ya Dunia zikawakutanisha wahandisi, watu wa mipango miji, watu wa mto, viongozi wa manispaa na wakazi wa bondeni, wakatembea bondeni na kurudi mezani, wakachora, wakafuta, wakachora tena, hadi ukapatikana mpango mmoja wa Bonde la Msimbazi. Mradi wenyewe uliidhinishwa 2022: dola milioni 200 za Benki ya Dunia, pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi. Na miongoni mwa mambo yaliyomo ni kuliinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana ya mwendokasi kutoka bondeni.

Mzee wa Suna nyumba yake ilikuwa imeshahesabiwa na mradi huo. Alikuwa akingoja malipo, na hakutaka kulizungumzia zaidi ya hapo. Elimu yake ilikuwa imeingia kwenye mpango miaka sita baada ya zege kumwagwa.

Kutoka Kariakoo nilipanda daladala ya Mbagala. Mwaka huo wa 2024 mwendokasi ya Barabara ya Kilwa ilikuwa ya kutazama tu. Awamu ya pili, kilomita 20 na ushei, fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ujenzi wa Sinohydro: njia zote za zege zilikuwa tayari, vituo vimesimama na mapaa yake, vivuko vya waenda kwa miguu vimejengwa, na basi hakuna hata moja. Sisi tulikuwa upande wa foleni, Mtoni kwa Aziz Ally, tumebanana, konda ananing'inia mlangoni akigonga bati, na kando yetu barabara safi tupu imenyooka. Bodaboda mmoja alipita humo akatupungia mkono. Basi zima lilicheka, konda akamtukana kwa upendo.

"Hiyo njia ikianza kazi, wewe utakwenda wapi?" nilimuuliza tuliposimama Zakhiem.

"Nitapelekwa njia za pembeni huko, Chamazi, Mbande. Au nitakaa nyumbani. Bosi ndiye anayeitwa vikaoni, mimi nani ataniita?"

Alikuwa ameligusa shina. Kabla ya awamu ya kwanza, wenye daladala walikaa mezani na serikali, na vyama vyao vikaingia ubia na UDA, kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, kuunda UDA-RT, kampuni ya kipindi cha mpito. Hiyo ni hatua ya maana. Johannesburg walikwenda mbali zaidi: njia ya Rea Vaya ilianza Agosti 2009 huku wenye teksi wakipinga, mazungumzo yakaendelea, na Februari 2011 mabasi yakakabidhiwa kwa kampuni ya PioTrans, ambayo wanahisa wake ni mamia ya wale wale waliokuwa na teksi kwenye njia hizo. Mwenye gari ana kadi ya gari. Ana kitu cha kuweka mezani. Konda ana sauti yake na kiganja cha kupigia bati. Katika meza hizi zote nilizosikia habari zake, sikusikia palipowekwa kiti chake.

Katika mtaa mmoja wa Mbagala, ambao mwenyekiti wake aliniomba nisiutaje, nilikwenda ofisini kusalimia. Ofisi ni chumba kimoja: meza, benchi, picha ya Rais ukutani, kabati lenye kufuli. Mwenyekiti ni mzee mstaarabu aliyestaafu ualimu. Nilimwambia natafuta habari za mkutano wa mwendokasi, kama uliwahi kufanyika.

"Ulifanyika, mwanangu. Sisi hatukosi mikutano."

Akafungua kabati, akatoa kaunta buku la kwaya tatu, jalada limevikwa gazeti na juu yake nailoni. Akalamba kidole, akafunua kurasa, akaligeuza linielekee. Mwandiko wa kalamu ya bluu, mzuri, wa kiualimu. Ajenda zilikuwa sita: kufungua kikao, utambulisho wa wageni, mradi wa mabasi yaendayo haraka, maswali, mengineyo, kufunga. Chini ya mradi palikuwa na mistari miwili: mtaalamu alieleza faida za mradi, wananchi waliupokea kwa furaha. Chini ya maswali palikuwa na swali moja, la fidia kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara, na jibu lake: sheria itafuatwa.

Chini ya mengineyo palikuwa na ukurasa na nusu.

Niliyasoma yote, na yeye akanipa kalamu ninakili. Mama mmoja alisema kwamba sasa anapanda gari moja kutoka kwao ndani huko hadi Kariakoo kwa nauli moja. Basi kubwa likiishia Rangi Tatu, je, atalipa mara mbili? Mwalimu wa shule ya msingi alitaka kujua watoto wa darasa la kwanza, ambao shule yao iko ng'ambo ya barabara, watavuka wapi, maana kivuko walichokiona kwenye picha kiko mbali na watoto hawatakizunguka, watakatiza. Mkazi mwingine aliuliza maji yatakayotoka kwenye zege hilo lote yataelekezwa mtaro upi, kwa kuwa mtaro uliopo tayari unamwingilia chumbani. Mama ntilie alisema yeye hufunga saa nne usiku. Mabasi yatakuwapo saa hiyo, na taa kati ya kituo na nyumba zitakuwapo? Kijana mmoja aliuliza habari za ajira za makonda. Mtu mzima mmoja, na hapa mwandishi aliweka alama ya mshangao, aliuliza kama ataruhusiwa kupanda na kuku.

Mbele ya kila swali, safu ya majibu, neno ni moja: limepokelewa.

Nilimuuliza mwenyekiti kama waliona dharau. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Wale vijana walikuwa na adabu, wamesoma, wametueleza vizuri. Ila walikuja na mchoro umekwisha. Mtu akikuletea mchoro umekwisha, wewe kilichobaki ni kumsifia."

Nimelifikiria sana daftari lile, na sidhani kuwa kuna aliyefanya hila. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka wananchi wasikilizwe kabla mradi mkubwa haujapata cheti, na walisikilizwa. Lakini kinachotathminiwa ni ujenzi: vumbi, kelele, miti, nyumba zitakazobomolewa, makaburi yatakayohamishwa. Anayekuja mtaani ni mtu wa ujenzi, na kwa mambo ya ujenzi ana majibu. Nauli, saa za mabasi, njia za pembeni na kazi za makonda zimo katika mkataba mwingine kabisa, wa mtoa huduma, ambaye siku ya mkutano bado hajapatikana na pengine atapatikana miaka kadhaa baadaye. Yule kijana mwenye adabu hakuwa na namna ya kumjibu mama ntilie. Basi la saa nne usiku halikuwa la kwake. Na mtoa huduma akija kupatikana, hakuna sheria inayomrudisha kwenye lile kaunta buku.

Mbagala waliona matokeo ya mpangilio huo kuliko mtu yeyote. Barabara ilikwisha, mabasi yakaja kuwasili 2025. Katikati hapo ni muda ambao mtu wa Rangi Tatu alikaa kwenye foleni akiitazama njia yake mwenyewe ikiwa tupu.

Jioni niliagana na mwenyekiti nikashuka kwa miguu hadi kituo kilichokuwa karibu. Kivuko cha waenda kwa miguu kilikuwapo kweli, na kilikuwa mbali kweli. Watoto wa shule wenye sare walikatiza barabara pale pale mwalimu alipoandikwa kuwa watakatiza. Mmoja alimshika mwenzake mkono, wakangoja lori lipite, wakakimbia. Muhtasari ulikuwa umetabiri sawasawa.

Sasa turudi Nairobi, maana makala hii naiandika kwa ajili ya watu wa Barabara ya Thika. Mikutano yetu ya ushirikishaji mnaijua. Tangazo dogo gazetini, ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, fomu ya kutia sahihi, skrini yenye picha ya basi la buluu na wazungu wa kuchorwa wakivuka barabara. Fomu zile ndizo zitakazopelekwa mahakamani siku mtu akidai hakuulizwa. Nimekwisha kutia sahihi kadhaa.

Dar es Salaam imenifundisha kuwa tumekuwa tukigombea haki ya kuitwa, ambayo tunayo, na kuacha kugombea jambo tunaloitiwa. Watu wa Kimara waliulizwa bei na wakaishusha karibu nusu. Watu wa Msimbazi walipoulizwa maji, daraja na karakana vikabadilishwa katika mpango. Watu wa Mbagala waliitwa kuutazama mchoro, na mchoro ukabaki ulivyo.

Kwa hiyo mkiitwa, Githurai, Roysambu, Kasarani, Kahawa, msiende kusikiliza faida za mradi. Faida tunazijua, sote tumewahi kukaa Pangani kwa saa mbili. Nendeni na tarehe ya mabasi, na kabla ya kusaini chochote ulizeni tarehe hiyo imeandikwa katika mkataba gani. Ulizeni nauli ya mtu anayetoka Mwiki hadi Railways, gari la kwanza na la pili kwa pamoja, kwa shilingi. Ulizeni basi la mwisho usiku ni la saa ngapi. Wakokoteni makanga na madereva waje wakae viti vya mbele, wasiwakilishwe na mwenye gari. Wazee wa Githurai wanaojua maji husimama wapi mvua ikinyesha wapewe ramani na kalamu kabla ya mhandisi. Na msikubali mkutano wowote ambao aliyekuja kujibu ni mtu wa ujenzi peke yake. Aje na yule atakayeendesha mabasi, na kama hajapatikana, mkutano uahirishwe hadi apatikane.